Hakimu Aliyependa Kupingwa

Akisikia mtu anasema "napinga", Hakimu alisimama. Sheria haikumtaka asimame. Hakimu hukaa, wengine ndio husimama. Lakini yeye alishindwa kujizuia. Kiti kilisukumwa nyuma, miwani ikapandishwa hadi kwenye paji la uso, naye akaanza kusugua viganja kama mtu aliyeona sinia la pilau likiingia mlangoni.

"Enhe!" alisema. "Enhe! Sasa ndiyo tumeanza. Unapinga nini? Kwa sababu gani? Sema polepole, Karani aandike."

Karani nilikuwa mimi. Nilifanya naye kazi miaka mingi katika mahakama yetu ndogo, kwenye mteremko kati ya Biryogo na Nyamirambo, mjini Kigali, ndani ya jengo la matofali ambalo mabati yake yalipiga kelele mvua ikinyesha hadi kesi zikasimama. Baba yangu alikuwa fundi cherehani hapo Biryogo, na nyumbani kwetu tuliongea Kiswahili na Kinyarwanda kwa zamu, wakati mwingine katika sentensi moja. Ndiyo sababu Hakimu alinichukua. Alitaka mtu anayejua Kinyarwanda cha sheria na pia Kiswahili ambacho watu wa mtaa wetu walikitumia kugombana. Mzee mmoja wa msikiti alipomwambia kwamba binti wa Kiislamu hafai kukaa siku nzima mbele ya wanaume na kalamu, Hakimu alimsikiliza kwa furaha kubwa, akamshukuru kwa pingamizi lake, kisha akanipa meza.

Nieleze kidogo kuhusu neno hilo. Katika Kinyarwanda cha mahakama pingamizi ni inzitizi, kitu kinachozuia njia. Kabla kesi haijasikilizwa, mtu anaweza kusimama na kusema: huyu hana haki ya kunishtaki, au mahakama hii si mahali pake, au jambo hili lilishaamuliwa zamani. Mahakimu wengi waliyachukia mapingamizi kwa sababu yaliwachelewesha kula mchana. Hakimu wetu aliyangoja kama watoto wanavyongoja Idi.

Kiswahili chake alikipata ukubwani, kwa kuishi na majirani Waislamu, na kilikuwa Kiswahili cha Kigali hasa. L na R zilibadilishana nafasi apendavyo yeye. Sheria ikawa "sheliya", kulala ikawa "kurara", na kila kitu duniani kilikuwa "iko". "Mimi iko nasikia!" alipaaza sauti kutoka juu. "Wewe iko na neno? Sema!" Ukimsahihisha, alikutazama kwa huzuni, kana kwamba wewe ndiye uliyekosea, akarudia vilevile kwa sauti zaidi.

Kilichomkera kuliko vyote ni neno "ndiyo". Miaka ile mtu wa kawaida akiitwa mbele ya serikali alikuwa na jibu moja tu. Aliitika ndiyo kwa konseye wa mtaa, ndiyo kwa burugumesta mkuu wa komine, na alipoingia mahakamani aliendelea na ndiyo ileile, akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Namkumbuka mzee mmoja wa Kimisagara aliyeshtakiwa kwamba mbuzi wake alimaliza shamba la maharage la jirani.

"Mbuzi ni wako?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Alikula maharage?"

"Ndiyo."

"Wewe mwenyewe ulimfungulia?"

"Ndiyo."

Hakimu aliinama mbele. "Na kama nikisema mbuzi wako alikula mabati ya mahakama hii?"

Mzee alitazama juu, akafikiri. "Ndiyo, Mheshimiwa," akasema.

Ukumbi mzima ulicheka. Hakimu hakucheka. Alisimamisha kesi, akamwambia mzee: "Toka nje na mke wako, mkae pale kwenye nyasi. Mweleze yeye kilichotokea. Mkianza kubishana, urudi." Tukaendelea na kesi nyingine. Baada ya muda tulisikia sauti nje, ya mwanamke kwanza, halafu ya mwanamume, halafu zote mbili kwa pamoja. Mzee akaingia kwa hatua ndefu, kofia ikiwa kichwani. "Napinga!" akasema. "Mbuzi wangu alikuwa amefungwa! Mtoto wa huyu anayenishtaki ndiye aliyemfungua, akampanda mgongoni!" Kabla hajafika mwisho, Hakimu alikuwa amesimama, miwani juu, viganja vinasuguana.

Msidhani alipendelea wanyonge tu. Alipenda ubishi wenyewe, utoke kwa yeyote. Siku moja alikuja wakili kijana kutoka Kiyovu, mtaa wa wenye pesa, katika suti ya rangi ya majivu. Mawakili walikuwa adimu sana kwetu. Watu walitoka madukani kuja kumwona. Kijana yule aliweka pingamizi juu ya pingamizi, kwa Kifaransa kitamu, na Hakimu alikaa na kusimama, akakaa tena na kusimama, mpaka nikaogopa moyo wake. Mwisho alimwomba mambo yote yale ayaseme upya kwa lugha ambayo mteja wake, mchuuzi wa ndizi, angeielewa. Wakili akavua koti. Akaeleza kwa Kinyarwanda safi, kwa mifano ya ndizi na ya mzani, vizuri mno hata yule mchuuzi akaanza kutikisa kichwa na kusema, "Kumbe! Kumbe nina haki!" Hakimu akashuka, akampa wakili mkono mbele ya watu wote. Kisha akapanda tena kwenye kiti chake na kuyakataa mapingamizi yake yote, moja baada ya jingine. Wakili alitoka anacheka. Alituambia pale mlangoni kwamba hajawahi kushindwa kwa raha namna ile.

Huyo ndiye Hakimu wa mahakamani. Nje ya mahakama alikuwa mtu mwingine kabisa, na mtaa mzima ulijua. Nje ya mahakama hakukubali kupingwa. Alikuja kwa baba yangu kushona suruali, wakabishana juu ya urefu wake asubuhi nzima. Baba alisema inafagia barabara, Hakimu akasema ndivyo anavyotaka. "Basi kata rufaa kwa mke wako," baba akamwambia, naye akachukua suruali yake na kuondoka bila kuaga. Kesho yake mkewe aliileta ipunguzwe. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama mpole mwenye macho ya kuchekacheka. Aliniuliza mara nyingi: "Karani, ni kweli huko mahakamani kuna watu wanampinga? Niletee hata mmoja hapa nyumbani, nijifunze."

Na kulikuwa na igisoro. Hilo ni bao la kwetu, mbao yenye mashimo na kete, na Hakimu alilicheza kila Jumapili alasiri kwenye baraza la duka la Haruna. Haruna alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mtu mnene, mcheshi, rafiki yake mkubwa kuliko wote pale mtaani. Haruna alikuwa hodari wa igisoro, na Hakimu hakuwa hodari. Lakini katika miaka yote ile hakuna aliyemsikia akikubali kwamba ameshindwa. Kila mara alikuwa na sababu: kete ilisogezwa na mkono wa kanzu. Mbuzi alipita akatikisa mbao. Mtu fulani alikohoa wakati wa kuhesabu. Haruna alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka, wanaweka kete upya, na wapita njia wanasimama kuwatazama.

Sasa nifike kwenye kesi ya Mama Zubeda, ambayo bado wazee wa Biryogo wanaisimulia, kila mmoja kwa namna yake. Mimi nilikuwepo na kalamu mkononi.

Mama Zubeda alishona sare za shule. Mumewe, Issa, fundi wa baiskeli, alikuwa mdogo wake Haruna. Issa akaugua homa, akafa upesi kuliko mtu alivyotegemea. Msiba ulipokwisha, Haruna alimwambia shemeji yake kwamba nyumba ni ya ukoo, na kwamba yeye na binti yake warudi kwao. Mama Zubeda hakurudi kwao. Alikuja mahakamani kushtaki.

Siku ya kwanza ukumbi ulijaa hadi madirishani. Hakimu alikuwa bado hajamaliza kusoma mashtaka pale Haruna aliposimama. Alikuwa amejitayarisha vizuri.

"Napinga, Mheshimiwa. Huyu mama hana haki ya kushtaki kama mjane. Sheria ya nchi inajua ndoa iliyoandikwa komine, kwenye ofisi ya serikali. Yeye na ndugu yangu walifunga nikahi tu. Komine hawakufika. Mbele ya sheria, yeye si mke wa mtu."

Muelewe kwamba wanawake waliojaa mle ndani, wengi wao walikuwa wameolewa vivyo hivyo, kwa shekhe na pilau na majirani, na mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao, amekaa benchi la tatu na mtandio wake wa kijani. Nilimwona anamshika mkono jirani yake. Kama Mama Zubeda si mke, basi wao ni nani?

Hakimu alikuwa amesimama, bila shaka. Lakini viganja havikusuguana. Alijua kwamba pingamizi lile lilikuwa na nguvu, tena lilitoka kwa rafiki yake.

"Mama," akasema, "umesikia. Unajibu nini?"

Mama Zubeda alikuwa mfupi, na sauti yake haikuzoea kumbi. "Kwa hilo sina jibu," alisema. "Lakini iko lingine. Mimi napinga weye."

"Unapinga nini?"

"Weye, Muzehe. Weye mwenyewe. Haufai kukaa hapo juu kwa kesi hii. Ulikuwa kwenye harusi yangu. Ulikaa mbele, ulikula, ulisikia maneno Issa alisema. Mimi nakuhitaji huku chini, uwe shahidi yangu."

Hapo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Pingamizi lilimkalisha Hakimu. Alikaa polepole, kama mtu anayepapasa kiti gizani. Miwani ikashuka yenyewe hadi puani. Halafu akasema kwa Kinyarwanda, kwa sauti ndogo, kwamba mahakama inapumzika, akaingia ofisini.

Nilimfuata na karatasi zangu. "Funga mlango," alisema, akaanza kutembea kutoka ukutani hadi ukutani. "Kanikataa! Mimi! Mbele ya Nyamirambo yote! Miaka yote nimekaa pale, nani aliwahi kunikataa? Nina upendeleo mimi? Nimewahi kula cha mtu?" Alipiga meza hata wino ukaruka. Alipofika dirishani alisimama, akanigeukia, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Lakini ni nzuri," akasema. "Karani, umesikia jinsi iko nzuri? Hakupigana na pingamizi la Haruna. Alilizunguka! Kanichomoa kitini kama jino!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kukaa. Kisha kicheko kikaisha, akabaki ametazama mikono yake. Nilijua anamfikiria nani.

Haruna mwenyewe alikuja alasiri ileile. Sikutoka ofisini, na hakuna aliyeniambia nitoke.

"Hakimu, harusi ile ni ya zamani," alisema. "Nani anakumbuka maneno ya harusi? Watu walikuwa wanakula, ngoma zinapigwa."

Hakimu akaanza kupanga karatasi mezani.

"Matofali ya nyumba ile nilifyatua mimi na Issa, kwa mikono yetu. Nilikanyaga udongo ule kabla huyu mama hajajulikana hapa. Leo nimwone mgeni anafunga mlango wake usoni pangu?"

"Hayo ya matofali ni maneno mazuri," Hakimu akasema. "Nenda ukayaseme mahakamani. Mimi usiniambie tena. Mimi sasa ni shahidi."

"Na Jumapili?"

"Jumapili hakuna mchezo."

Haruna aliondoka bila kunyanyua miguu vizuri. Hakimu aliniomba chai, na ilipokuja hakuinywa.

Akaletwa hakimu mwingine kutoka mahakama ya kantoni nyingine, wilaya ya mbali, mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini, asiyependa kelele. Siku hiyo Hakimu wetu alifika asubuhi kabla yangu, katika suti yake ya sherehe, akakaa nje kwenye benchi la mashahidi kama mtu yeyote. Hakuweza kutulia. Mara mbili nilimwona dirishani amenyoosha shingo, na mara mbili askari akamrudisha kwenye benchi. Watu wa nje walicheka hadi wakanyamazishwa.

Ndani, hakimu mgeni alilishughulikia kwanza pingamizi la Haruna, na akalikubali. Ndoa haikuandikwa komine. Mbele ya sheria Mama Zubeda hakuwa mke. Sauti iliyotoka kwa wanawake haikuwa kelele wala kilio, ilikuwa kama pumzi ya mtu aliyepigwa tumboni. Mama yangu alijifunika mtandio usoni.

Mama Zubeda alibaki amesimama. "Sawa," akasema. "Mahakama imesema mimi si mke. Basi sikuja kama mke. Nyumba ile Issa alinipa iwe mahari yangu, alisema kabla shekhe hajafungua mdomo. Nilipewa nikiwa bado msichana wa watu. Nakuja kama mtu mwenye nyumba yake. Na shahidi yangu iko pale nje, anachungulia."

Hakimu mgeni aliweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana ameamka. "Shahidi aingie," akasema.

Hakimu wetu aliingia, akainua mkono, akaapa. Halafu, kwa mazoea, akamgeukia Haruna: "Kabla sijaanza, kuna mwenye pingamizi?"

"Shahidi," hakimu mgeni akasema, "hapa wewe unajibu tu."

"Naam, Mheshimiwa. Samahani."

Lakini Haruna alikuwa amekwisha simama. "Ninalo! Napinga shahidi huyu. Ana kinyongo na mimi. Kila Jumapili namshinda igisoro, na hajawahi kukubali. Mtu mwenye kinyongo atasemaje ukweli juu yangu?"

Mahakama ililipuka. Watu wa madirishani waliwapasia habari walioko barabarani, na kicheko kikaenda kikishuka mteremko. Hakimu mgeni aligonga meza, akangoja, akagonga tena. Kisha akauliza kwa sauti ileile ya chini, bila hata dalili ya tabasamu:

"Shahidi. Upo chini ya kiapo. Ni kweli mtu huyu anakushinda igisoro?"

Nilikuwa nimekaa karibu naye kuliko wote. Alitazama dari. Alimtazama Haruna. Alitazama mlango, na nadhani kwa kitambo kifupi aliwaza kukimbia. Ningemwonea huruma kama nisingekuwa nauma ulimi nisicheke.

"Ananishinda," akasema.

"Sauti zaidi, karani aandike."

"Ananishinda! Kila Jumapili! Haikuwa mkono wa kanzu, wala haikuwa mbuzi! Ananishinda kwa akili yake!"

Nikaandika. Haruna alikuwa amelingoja neno lile kwa miaka, na sasa alikuwa amelipata mahali ambapo halikumsaidia hata kidogo, kwa sababu kila mtu mle ndani alielewa kwamba mtu aliyekubali lile hawezi tena kudanganya juu ya lolote.

"Pingamizi limekataliwa," hakimu mgeni akasema. "Shahidi, eleza ulichosikia kwenye harusi."

Hakimu alieleza. Hakuongeza neno. Alisema Issa alisimama, akamwambia baba wa bi harusi kwamba hana ng'ombe wala dhahabu, ana nyumba tu aliyoijenga, na kwamba nyumba hiyo ndiyo mahari, ni ya huyu binti kuanzia siku ile, hata kama yeye Issa hatakuwepo.

"Na mimi?" Haruna akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Wakati anasema, mimi nilikuwa wapi?"

"Kando yake. Ulikuwa umeshika sinia."

"Nilisema nini?"

"Ulisema amina."

Haruna, mtu mnene yule, akashika ukingo wa benchi lililokuwa mbele yake.

"Nilisema," akasema mwishoni. "Nilisema amina. Lakini sikudhani atatangulia. Alikuwa mdogo wangu." Akakaa, akajifuta uso kwa mkono wa kanzu. Mama Zubeda naye akaanza kulia pale alipokuwa, si kwa ushindi, bali kwa sababu nadhani tangu msiba wawili wale hawakuwa wamemlilia Issa mahali pamoja.

Nyumba ikawa ya Mama Zubeda. Haruna alikuwa na haki ya rufaa, hakuitumia. Baada ya hukumu Mama Zubeda alimwambia kwamba chumba cha mbele, kinachoelekea barabarani, akitumie kuwekea vitambaa vyake, kwa ajili ya matofali. Mabunda ya Haruna yaliingia mle kabla ya mvua.

Wiki zilizofuata komine haikupumzika. Watu waliokuwa na wajukuu walikwenda kuandikisha ndoa. Mama yangu hakuomba, alimwambia baba avae koti. Baba alilalamika njia nzima kwamba amekwisha muoa mwanamke huyu, watu wangapi walikula, na sasa anaulizwa kama anamtaka. Karani wa komine alipouliza, mama alikaa kimya kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akimtazama baba kwa pembe ya jicho. Baba alitoka jasho. "Ndiyo," mama akasema hatimaye, na tukapiga vigelegele hadi tukafukuzwa.

Hakimu na Haruna hawakuonana msimu wote wa mvua. Hakimu akawa anazunguka siku za Jumapili kama mtu aliyepoteza kitu, akaenda hata kumsaidia mkewe kuosha vyombo, jambo lililomtia mama yule wasiwasi. Kisha Jumapili moja Haruna aliweka mbao ya igisoro barazani, akakaa peke yake, akaanza kupanga kete za pande zote mbili. Hakimu alipita upande wa pili wa barabara. Alirudi. Akapita tena.

"Leo ukishindwa utakubali?" Haruna akamwita.

"Mpaka niapishwe!" Hakimu akajibu, akavuka.

Miaka ikaenda. Alistaafu, akarudi kwenye kilima chao upande wa mashariki, na mahakama ikapata hakimu aliyemaliza kesi haraka, watu wakitoka kimya kama walivyoingia. Mimi nilibaki na meza yangu. Nilikuwa nimepita umri ambao wanawake wa Biryogo huolewa, na shangazi zangu walikuwa wamekwisha acha kulisema jambo hilo mbele yangu, ndipo Yusufu, fundi wa kuchomelea vyuma wa Kimisagara, mgane, alipoanza kuja mahakamani kurekebisha lango ambalo halikuwa limeharibika.

Siku ya posa tulifanya kama Wanyarwanda wote, familia mbili zinatazamana chini ya turubai, kila upande na msemaji wake. Msemaji wa upande wa binti ana kazi ya kuleta vizuizi, kwa mzaha na kwa heshima, na wa upande wa mume kuvivuka. Baba alikuwa amezeeka, sauti imekwisha. Akamtumia salamu Hakimu awe msemaji wetu. Hakimu akaja na basi la kwanza, mvi tupu, fimbo mkononi, suti ileile ya sherehe ikimpwaya.

Mimi nilikuwa ndani na shangazi zangu, nasikiliza kupitia pazia. Alikuwa na siku njema! Aliwauliza kama wana uhakika hawakupotea njia. Alisema binti wanayemtaka ameshaombwa na mfalme wa mbali. Alipinga soda zao, alipinga idadi ya wazee wao, na watu walikuwa wakipiga makofi. Kisha mjomba wa Yusufu, msemaji wao, akasema kwa fahari: "Tumemtayarishia nyumba. Kalamu hataishika tena. Atapumzika, atulee."

Watu wakashangilia. Jambo hilo halikuwahi kusemwa kati yangu na Yusufu, wala mimi sikuwahi kuuliza, kwa sababu niliogopa jibu.

Nje, fimbo ilipiga chini. "Ngoja," Hakimu akasema, na mzaha ulikuwa umetoka katika sauti yake. "Namtaka binti hapa."

"Muzehe, bi harusi hatoki sasa!" shangazi yangu mkubwa akapiga kelele kupitia pazia. "Na hasemi! Tangu lini?"

"Mama, pingamizi lako nimelisikia," Hakimu akajibu. "Mimi iko nakataa. Atoke."

Nilitoka. Turubai zima lilinitazama, na barabarani watu walikuwa wamesimama kwenye matofali kuona. Hakimu aliegemea fimbo yake.

"Karani," akasema. "Maneno ya watu wote umeandika wewe. Leo sema yako. Kwa haya yaliyosemwa, unapinga chochote?"

Niliona viatu vya Yusufu, vimepakwa rangi hadi vinang'aa, na sikuweza kuinua macho zaidi ya hapo.

"Napinga," nikasema. "Kazi yangu sitaiacha."

Mjomba wa Yusufu alianza kusema kitu juu ya heshima. Yusufu akasimama, bwana harusi ambaye siku hiyo hapaswi kabisa kufungua mdomo. "Mjomba," akasema, "hilo la kalamu nani alikutuma? Mimi sikusema. Mimi nilimpenda akiwa ameishika." Akakaa haraka, masikio yamewaka.

Vigelegele vilianza kwa mama yangu. Hakimu aliinua mkono kuvizuia. Alikuwa anatweta, mzee yule, na macho yake yalikuwa yanawaka. Akageuka kutazama umati ulioko barabarani, kisha akanigeukia tena.

"Sema mara ya pili," akasema. "Wa kule nyuma hawakusikia."

Nikainua kichwa, nikasema tena.